Saumu, sumu na mafuta

Siku ile, mu jiko ya Mama Zaina kule Vulamba, mu mji wetu wa Butembo, walikuwako hawa: Mama Zaina mwenyewe, mutoto wa mji wa Beni, muke wa Abdallah mwenye kusafirisha mizigo na lori. Bibi Mariamu, mama ya Abdallah, donc mama-mukwe wake. Neema, infirmière, muuguzi wa centre yetu ya lishe. Si mutoto wa ndugu yangu, lakini ananiita tantine tangu siku ya mvua nilimupa viatu vyangu akavuka matope, mimi nikavuka miguu mitupu. Docteur Kambale, aliyesimama mulangoni sababu jiko ilikuwa ndogo na yeye ni murefu. Mimi Masika, mupishi wa centre. Abdallah hakuwako, alikuwa mu barabara ya Kasindi sawa kila wiki. Na Kavira, jirani yao, hakuwa ndani, alikuwa kwake ngambo ya ukuta, tulikuwa tunasikia anatwanga sombe, majani ya muhogo. Batu walikuwa wanasema ni yeye alitia sumu. Donc na yeye ninamuhesabia kati ya waliokuwako.

Sasa nirudi mwanzo. Nimeacha kazi, magoti imekataa. Neema aliniomba niandikie ninyi mulioingia nyuma yangu mu jiko ya centre. Nilifika mwaka wa ine wa primaire, musitafute hapa Kifaransa ya bureau. Majina ninayakumbuka yote. Bingine mutanisamehe.

Siku ya kwanza nilifika na kisu changu kimefungwa mu kitambaa, nikifikiri nitapika. Mama Kyakimwa, mupishi wa zamani, alikitazama, akakiweka juu ya kabati. Akaniambia: “Masika, leo utaenda kukaa.” Kukaa wapi? Mu jiko ya mama mumoja ambaye mutoto wake alikuwa anakonda hata tukimupa uji gani. Nikakaa. Nikaona yule mama anapika uji wa mutoto, anauonja, baba anapita anakunywa nusu, ndugu wakubwa ba mutoto wanalamba sufuria. Mutoto mwenyewe alipata kijiko kilichobaki mukononi. Mbele ya ile siku, mama alikuwa amewaapia ba centre mutoto anamaliza sahani nzima. Haikuwa bongo, haikuwa uongo kabisa. Alikuwa anaona sahani inamalizika.

Mama Kyakimwa alikuwa na neno lake: “Mulomo inapika vizuri kuliko mukono.” Maana yake, ukiuliza mutu anakula nini, atakupikia na mulomo: nyama, mayai, mboga, kila kitu iko. Kama unataka kujua, nenda na samaki yako mukononi, useme “mama, tupike pamoja.” Mutu hawezi kupika na bongo. Moto haimungoji. Atachukua sufuria yake ya kweli, chumvi yake ya kweli, mafuta yake ya kweli. Hiyo njo ilikuwa kazi yangu, miaka yote. Watu walifikiri mimi ni mupishi. Mimi nilikuwa mwenye kukaa mu jiko ya wengine. Mama Kyakimwa amekufa, Mungu amupumzishe, na kisu changu nilikikuta bado juu ya kabati siku niliyoaga.

Vyombo vyetu mutavikuta. Balance, mizani ya kutundika, na ile suruali ya kutia batoto, yenye kila mutoto analia akiiona. Kopo ya tomate ya kupimia unga. Musikubali kopo mupya yenye kukunjwa, inadanganya. Na mètre ya kitambaa ya kupimia tumbo. Hii mètre ilikuja nyuma, na ilituchekesha sana. Mwanzoni centre ilikuwa ya batoto wenye kukonda. Kisha wakaanza kuja bamama wanene, wa sukari, wa tension, ile presha ya damu, na mara mingine mama munene alikuwa amebeba mutoto mwenye kukonda, nyumba moja, sufuria moja. Docteur akasema tuwapime tumbo. Sasa, hapa kwetu muke wa mufanya biashara akikonda, batu wanauliza biashara imekufa? Mama mumoja wa soko, jina lake Katungu, alishika mètre akaniambia: “Masika, tantine yangu, uongeze kidogo. Bwana yangu atafurahi.”

Nikamwambia: “Mais Katungu, kipimo kikipanda, docteur atakukataza mukate.”

“Basi upunguze. Nitamwambia bwana kwa mulomo.”

Docteur Kambale ni mutoto wa hapa, alisoma mbali akarudi. Njo yeye alileta neno sélénium. Siku moja, ku mafundisho ya bamama chini ya banda la hangar, alisema hivi, na mimi nilikuwa pembeni ninakaranga samaki ya kuonyesha. Alisema mafuta iko sawa mufanyakazi, hapana gunia yenye kulala tu. Inaweka akiba, inaitoa, inatuma habari mu mwili. Ili ifanye kazi muzuri inahitaji kitu kidogo sana chenye kutoka mu udongo, kinaingia mu maharagi, mu nafaka, mu samaki, mu mayai. Hicho kitu njo sélénium. Mwili unakitumia kutengeneza kama walinzi, wanazuia mafuta isichomeke ndani kwa ndani. Udongo mingine iko nacho, mingine haina. Mutu mwenye kula muhogo peke yake asubuhi na jioni, hakipati ya kutosha.

Mama mumoja akauliza: “Donc docteur, nikikula hiyo, nitapunguka?”

Docteur akajibu sawa mutu mwenye kuogopa Mungu: “Mama, haijulikane. Wameona batu wengi wanene iko na kidogo mu damu. Mais kama ni upungufu njo uliwanenepesha, ao ni unene njo ulileta upungufu, wenye kuchunguza bado wanabishana. Na ikizidi, nayo ni mubaya. Inaweza kuvuruga sukari. Ni sawa chumvi mu maharagi: bila chumvi haiendi, na ukimwaga yote, utatupa sufuria.”

Yalikuwa mafundisho mazuri. Neema alitafsiri mu Kinande kwa wazee. Kitu kimoja tu. Mu Kiswahili yetu, mafuta ya mu tumbo na mafuta ya mu bidon, mu dumu, ni neno moja, mu Kinande vilevile. Na docteur alipomaliza, alinyoosha kidole kwangu, kwenye sufuria mafuta inachemka, akasema: “Musisahau: sélénium inasaidia mafuta ifanye kazi muzuri. Mukienda kupika, mufikirie.”

Mama Zaina alikuwa amekaa mustari wa mbele. Alienda, akafikiria.

Huyu Mama Zaina alikuwa anakuja kwetu juu ya tension. Mama yake alikuwa amekufa na kiharusi ku Beni, na yeye alikuwa na woga huo, hakuuficha. Alikuwa ametoka Beni na mama-mukwe wake wakati barabara ilikuwa mubaya, hakuna usalama, wakajenga Vulamba, ukuta kwa ukuta na Kavira. Kavira ni mukatoliki, mujane, anauza maharagi mbele ya nyumba yake. Wale wawili walikuwa sawa batoto wa tumbo moja. Kila Ijumaa Kavira alipeleka sombe yake kwa Mama Zaina, na Noeli Mama Zaina alipeleka pilau kwa Kavira. Munajua desturi yetu ya Kivu: mwenye kuleta chakula anaonja wa kwanza, mbele ya macho ya wote, ili batu waone hakuna kitu ndani. Kavira alikuwa anaonja kila Ijumaa. Bibi Mariamu alikuwa anamucheka: “Kavira, acha kumaliza sombe na kuonja, tubakie sisi nini?”

Kisha Mama Zaina akaanza kuchoka. Nywele ikaanza kutoka, inabaki mu kitambaa akikivua. Kucha ikavunjika, ikawa na mistari myeupe. Hakumwambia mutu, kitambaa kinafunika nywele, na hina inafunika kucha. Na Bibi Mariamu pia, vilevile, na yeye hakumwambia mutu. Mama na mukamwana, nyumba moja, kila mumoja anafagia nywele zake asubuhi mbele mwenzake hajaamuka. Abdallah hakuwa na kitu. Lakini Abdallah alikuwa anakula mu barabara.

Na kulikuwa harufu. Mama Zaina akipumua, ilikuwa inanuka kitunguu saumu, na yeye hapendi kitunguu saumu hata kidogo. Siku moja Bibi Mariamu alikuwa ku simu na batoto wake ba Beni, anaongea kwa sauti ya juu sawa vile wazee wanafanya, anasema: “Mwili mzima unanuka saumu! Hata jasho! Saumu tupu!” Sasa, sisi watu wa Butembo kile kitunguu tunakiita ail, kwa Kifaransa. Wenye kupita mu barabara hawakusikia saumu. Walisikia sumu. Mbele jua haijalala, soko yote ya Vulamba ilijua ya kama kwa Mama Zaina wamekula sumu, nywele inatoka, mwili unanuka. Na ni nani analeta chakula kila Ijumaa?

Habari ikarudi ku nyumba kupitia Beni. Mashemeki ba Mama Zaina, ndugu za Abdallah, wakapiga simu: “Mama, iko batu wanasema ni sumu.” Bibi Mariamu hakujua ni mulomo yake mwenyewe inamurudilia. Aliona tu ya kama kila mutu anajua, donc ni kweli.

Ijumaa iliyofuata Kavira alifika na sahani, akakuta mulango umefungwa. Alibisha. Bibi Mariamu akajibu toka ndani: “Rudisha chakula yako.” Asubuhi yake vijana walipita wakigonga mabati ya nyumba ya Kavira na fimbo. Mashemeki wakatangaza watatoka Beni, chef wa quartier, mukubwa wa mutaa, akapanga batu wakutane Jumamosi yenye kufuata, na kila mutu alijua kile kitasemwa: Kavira ahame. Na kuhama, hiyo ingekuwa bahati nzuri. Mu mji wetu, mama mwenye jina la sumu, vijana hawangoji chef.

Kavira alikuja ku centre, hapana kutafuta dawa. Alikaa ku benchi ya jiko yangu. Nikamupa chai. Akasema: “Masika, nilionja kila siku. Walikuwa wananiona. Sasa wanasema mwenye sumu ako na dawa yake ya kujikinga. Nionje mara ngapi?”

Nilimwongezea sukari, kitu ambacho tulikuwa tunakataza mu ile centre.

Neema njo alienda kumwambia docteur. Docteur aliposikia nywele, kucha na harufu ya saumu, aliweka chini bic yake ya kuandikia. Alisema: “Hiyo ninaijua. Hiyo ni sélénium yenye kuzidi.” Akatuma waite Mama Zaina. Akaja na Bibi Mariamu, wamefunga vitambaa mpaka ku nyusi.

Docteur akauliza: “Mama Zaina, kuko comprimé ao gélule, vidonge vya sélénium unameza? Mutu alikuletea?”

“Hapana docteur. Sijameza hata moja.”

“Hata moja?”

“Naapa kwa Mungu. Sijameza.”

“Na wewe Bibi?”

“Mimi ninameza ya tension tu, ile yenyu.”

Ilikuwa inaonekana wazi hawadanganyi. Docteur akabaki anakwaruza ndevu. Ilikuwa Alhamisi. Neema akasema tuchukue damu, wakachukua, ikatumwa mbali. Jibu lilirudi kwetu wakati nywele ilikuwa imeanza kuota tena, donc lilikuja kutupongeza. Lakini siku ile docteur hakungoja damu. Alikuwa amefanya kazi mu centre moja na Mama Kyakimwa. Alinigeukia, akauliza: “Mama Masika, kuko samaki?”

Ilikuwako. Samaki ya chumvi ya Vitshumbi. Tukaenda na pikipiki, moto mbili, docteur anakunja magoti nyuma ya motard sawa panzi.

Njo tulifika mu ile jiko niliyosema mwanzo. Nikasema salamu, nikasema: “Mama Zaina, tupike pamoja.” Hakukataa, samaki haikataliwe. Nikaosha, nikakata kitunguu chekundu. Ngambo ya ukuta Kavira alikuwa anatwanga, tu, tu, tu, na hakuna mutu aliyesema jina lake. Mafuta ilikuwa mu bidon mbili chini ya meza, moja kubwa ya manjano, moja ndogo. Niliinama nikashika ile kubwa, sababu njo ilikuwa karibu.

Bibi Mariamu akaruka: “Hapana ile! Ile ya wageni njo hii ndogo. Ile kubwa iko na dawa.”

Nikaiachilia bidon. Mutwangio wa Kavira ulikuwa umesimama, labda alikuwa anachambua majani.

“Dawa gani, Bibi?” Neema aliuliza polepole.

“Si ile yenyu? Ya kufanya mafuta ifanye kazi muzuri.”

Mama Zaina akaona tunamutazama, akaanza kueleza kama mutu anayeonyesha kazi yake ya shule. Shemeki wake alikuwa amesafiri inje ya inchi kuleta bitenge. Alimutuma amutafutie sélénium, akaleta katoni, gélule zenye nguvu, chupa juu ya chupa. Anafungua gélule, anamwaga unga mu bidon, anatikisa. Mwanzo chupa moja. Kisha akaona tumbo haipunguki, akaongeza. Alitoa chupa zenye kubaki mu kabati, zimepangwa muzuri.

“Mais mama,” docteur akasema toka mulangoni, “nilikuuliza, ukasema hapana!”

“Uliniuliza kama ninameza. Simezi, docteur. Ninapikia.” Kisha akasema, na sauti ilikuwa imepunguka: “Si ulisema mafuta? Si ulionyesha sufuria ya Masika na kidole?”

Docteur alitazama kile kidole chake. Alisema tu: “Nilionyesha. Ni kweli.” Akaingia, akainama, akachukua ile bidon kubwa yeye mwenyewe. Hakuruhusu tuimwage mu uwanja, kuku wasije wakala. Akawaambia ile ugonjwa itatoka yenyewe wakiacha ile mafuta, nywele itarudi, kucha itarudi, wamutazame kila wiki. Hakuna sumu. Hakuna mutu aliwafanyia kitu.

Mama Zaina akaanza kulia, na akalia kwa jina: “Kavira wangu. Kavira wangu.” Alitaka kutoka mbio. Bibi Mariamu akamushika mukono. “Kaa. Mulango mimi njo niliufunga.” Akaenda ku ukuta, akaita kwa ile sauti yake ya simu: “Kavira! Eh Kavira! Iko tayari ile sombe?”

Tukasikia toka ngambo: “Bado kuiva.”

“Tunangoja.”

Tulingoja. Samaki yangu ikaiva kwa mafuta ya bidon ndogo, ikapoa. Siku ile haikuwa Ijumaa, na Kavira alikuwa anapika kwa tumbo lake mwenyewe, hapana kwa jirani. Lakini alikuja. Alikuja kupitia mulango wa barabara, hapana ule mudogo wa nyuma, na batu walikuwa wamesimama inje wanatazama, sababu Vulamba ikiona moto ya docteur inangoja kuona jeneza. Alikuwa amebeba sufuria nzima. Neema alimweleza pale pale mambo yenye kuonekana mu bidon. Kavira alisikiliza. Aliweka sufuria chini, akachukua kijiko, akapiga magoti ili aonje, sawa desturi.

Bibi Mariamu akamunyanganya kijiko.

Akatoka na sufuria mpaka ku kizingiti, mahali barabara yote inaona. Akavua kitambaa chake. Kichwa kilikuwa na nywele huku na kule, sawa shamba yenye ndege wamepita. Yule mama, toka nimujue, hata bamama wenzake hawakumuona bila kitambaa. Akachota, akakula. Akachota tena, akakula. Akasema: “Chumvi kidogo.” Kisha akamupa Kavira kijiko: “Sasa wewe.”

Jumamosi mashemeki walifika toka Beni, chef akafika, na hakukuwa tena maneno ya kuhamisha mutu. Wakakula, wakarudi mbele barabara haijawa mubaya.

Mu centre tulikaa kubishana juu ya neno. Docteur alitaka tuseme “mafuta ya mwili” kila mara, bila kusahau. Katungu wa soko akasema haitoshe, atazame, kuko batu wanapaka mafuta ya mwili ku ngozi. Ilikuwa kweli, tuliokolewa na Katungu. Mwisho tukachukua “unono,” na ku mafundisho ya sélénium hakuna sufuria ya kukaranga kuwekwa karibu. Hiyo sheria mutaikuta, sasa munajua imetoka wapi. Na mukimwuliza mutu kama anameza, muulize tena kama anapikia, anapaka, ao anapatia mwingine.

Hayo ni yangu. Majina ninasimama nayo. Lakini kama ile siku Bibi Mariamu alichota mara tatu hapana mbili, ao kama neno lake halikuwa “chumvi kidogo,” musiniachie bongo mu mukono. Kavira angali kule Vulamba, maharagi yake yangali mbele ya nyumba. Mumuulize, kisha mupite kwangu Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, muniambie. Mukuje na samaki.